Ndege ya Élysée Iko Mulekera

Lundi, tarehe 7/10/2024

Mutoto yangu Élysée amefika hapa Butembo jana, anatoka ku lac, kule ziwani, Kyavinyonge. Amekonda! Jua imemuchoma. Mais soko yote inamuangalia — mutoto mwenye anafwata ndege na téléphone! Nani mwengine iko na mutoto kama huyu?

Mama Gracieuse, tunauza naye maharagi meza moja, ameniambia kwetu batoto banafukuzaka ndege mu mupunga na hapana mutu anabalipa. Nikamujibu: "Na wa kwako anafukuzaka nini? Chupa ya kasiksi!" Tulicheka mpaka maharagi ikamwangika.

Ndege yenyewe inaitwa courlis. Miguu murefu, mudomo murefu ya kupindika kama shindano ya kushona mifuko. Inatokaka ku bahari ya Bazungu, inavuka jangwa, inakuya kula mu matope ya lac yetu. Élysée na benzake balikamata tatu, bakazibebesha kamashini kadogo ku mugongo. Mu téléphone munatokea ka-point. Ndege ikienda, ka-point nako kanaenda. Mutoto yangu njo anaelewa ile yote!

Mardi, 8/10

Élysée hakukula. Mwisho amesema. Ndege mbili zilipotea. Ya tatu, ka-point yake kamesimama tangu wiki jana. Na haiko ku maji — iko Beni, Mulekera, katikati ya manyumba! Chef wake wa kazi, Gamaliel, amesema hii nayo ikipotea, camp ya ku lac inafungwa, kila mutu arudi kwao.

Nikasema: "Bamekula." Aliniangalia vibaya. Mais mudomo ile, mu sufuria ingetokea inje.

Mercredi, 9/10

Anataka aende Beni peke yake na antenne yake, chuma yenye inalia ikifika karibu na ndege. Nimekataa! Kijana mugeni, anazunguka na chuma ku mukono, anachungulia mu parcelle na manyumba ya batu — na Beni hii yenye imeona vita! Batasema ni mupelelezi. Batamupiga mbele aeleze kitu.

"Mimi njo passeport yako," nikamuambia. Mama akivaa kikwembe muzuri, hapana mutu anamurushia jiwe.

Nimepiga pasi chemise yake nyeupe. Nimebeba jogoo na maharagi ya Kipese. Hatuendake kwa batu mikono mitupu.

Jeudi, 10/10

Beni. Niandike yote!

Antenne imelia mbele ya nyumba ya Papa Zorobabel, katekista. Batu bazuri. Viti, chai. Kwetu hapana kukimbilia neno. Unaanza na habari ya nyumba. Donc nikaanza. Huyu ni mutoto yangu, amesoma université, pombe hajui, iko na kazi (ile niliisema kwa nguvu), anaimba mu chorale. Papa Zorobabel anatingisha kichwa. Anaangalia chemise. Anaangalia jogoo. Akaita bibi yake, bakanong'onezana. Akauliza ukoo yetu. Nikajibu na furaha yote — mimi nikianza kusifu mutoto, nani atanizuia!

Njo akasema: "Mama, tumesikia. Kijana ni muzuri. Mais kwetu mahari ni mbuzi, hapana franga, na tunataka kuona baba wakubwa yake. Mukuye nabo dimanche, kisha misa."

Chai ikanipita njia mubaya!

Mbele nieleze, binti yake, Falonne, akatokea nyuma ya nyumba na beseni. Ndani — courlis yetu! Muzima! Aliikuta mu shamba imeumia bawa. Akaifunga na kipande ya kikwembe, anailisha minyoo na ndagala. Akaangalia antenne, akamuuliza Élysée: "Weye njo ulibebesha ndege mufuko? Na weye ungebeba mufuko mpaka Ulaya?"

Mutoto yangu, na université yote ile — akacheka tu kama mujinga.

Amepigia Gamaliel. Gamaliel hapana furaha bado: ka-point katembee kwanza, njo ataamini.

Samedi, 12/10

Tunalala kwa dada yangu hapa Beni. Élysée anaenda kwa katekista kila siku, "kuangalia bawa". Asubui, anaangalia bawa. Magaribi, anaangalia bawa. Bawa gani inaangaliwaka hivi? Leo amepita kwanza kunyoa.

Nimemuuliza kama amebaambia ukweli, kwamba hatukukuya kutafuta bibi. Hapana. "Na weye, Mama?" Hapana.

Nimepigia Mama Gracieuse. Aba, alicheka! "Ulienda kutafuta ndege, unarudi na bibi ya mutoto!" Nikamuambia bibi ya mutoto mwenye anatunza hata ndege ya batu, weye utamupata wapi? Kisha nikakata.

Dimanche, 13/10

Kisha misa. Cahier iko ku magoti, naandika mbio. Tuko nyuma ya nyumba ya Papa Zorobabel, mu majani, pembeni ya kamutoni. Falonne amefungua bawa. Ndege imetembea kidogo, imejirusha — imeanguka. Élysée sura imebadilika. Falonne ameiokota, anasema tungoje upepo, tujaribu tena.

Na mbele ya nyumba baba wakubwa ya Falonne banaanza kuingia, bamevaa makoti! Papa Zorobabel ananiita: "Mama Élysée! Benu bako wapi?"

Nilitaka nisimame nimuambie. Mutu mukubwa kama mimi, kudanganya katekista, tena dimanche! Élysée amenikamata kikwembe. "Mama, iruke kwanza. Kisha nitasema mimi mwenyewe."

Utasema nini? Amerudisha mukono chini ya ndege, karibu na mukono ya Falonne. Falonne hakuondoa wake.

Papa Zorobabel anaita tena. Nimemujibu: "Twakuya, Papa, twakuya!" Upepo umefika. Banahesabu. Moja. Mbili —