Kisu cha Ramazani

Mujukuu wangu Zaina, salamu toka Mikelenge. Mama yako amepona, muhogo umekomaa. Unauliza ufanye nini na wivu, maana rafiki yako ndiye aliyechaguliwa kwenda kusoma Ulaya.

Wakati wa Zaire, mimi na Ramazani tulichonga magurudumu ya treni mu atelie, karakana ya reli. Yeye akatumwa Ubelgiji kujifunza, mimi nikabaki. Alirudi na kisu cha mashine ya kuchongea, kilichotengenezwa kwa unga wa metali, uliokandamizwa na kuchomwa mu moto mukali. Kilikata chuma kama sabuni. Shefu, mukubwa wetu wa kazi, alimusifu, roho iliniuma hadi chakula kikanishinda.

"Citoyen, jaribu," Ramazani aliniambia, maana wakati ule ndivyo tulivyoitana, "mwananchi".

Nilikataa. Kesho yake nikamwambia, "Nionyeshe."

Akanionyesha. Wivu haukuisha, lakini nilijua kazi ya kisu kile. Mwandikie rafiki yako, umuulize kila anachojifunza.

Koko wako anayekuwaza.