Ufunguo wa Nyuma ya Mlango

Chumba cha Nyaraka,
nyuma ya duka la vioo.
Jumatatu, 3 Mei

Mpendwa Dada,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Shemeji aliniambia siku hizi unapanda ngazi kama mtu anayezihesabu. Mimi ni mzima, isipokuwa vumbi, na vumbi si ugonjwa.

Habari mpya kuliko zote ni ya leo asubuhi, na aliyeisema ni mhifadhi wa nyaraka hapa ninapofanya kazi: boksi la kumi na tisa litaandikiwa lebo Ijumaa tarehe 14, saa tatu asubuhi, kisha orodha nzima ya maboksi iende kwa mpiga chapa. Boksi hilo linakuhusu. Lakini nianzie mwanzo, maana ukisoma kwa kuruka utadhani nimechanganyikiwa.

Usicheke. Baada ya miaka thelathini na moja ya uandishi wa habari, sasa ni mwanagenzi. Hili ni shirika la wapinga vita, vyumba vitatu tu. Kwa miaka arobaini wamekusanya vipeperushi, barua na maelezo ya watu waliokataa kupigana, wakavirundika kwenye maboksi ya sabuni. Sasa wanataka mtu akitafuta kitu akipate. Walitangaza nafasi ya mafunzo kwa vijana, nikaenda mimi. Mwalimu wangu ndiye huyo mhifadhi, binti aliye rika moja na kitinda mimba wangu. Ananiita Mzee Mwanagenzi, na siku ya kwanza tu alininyang'anya kalamu. Humu ndani ni penseli, basi.

Wiki ya pili niliharibu. Nililikuta boksi la kumi na tisa limevurugika, nikalipanga kwa tarehe, picha nikazitenga upande wake, kama ambavyo ningefanya kwenye chumba cha habari. Nilikuwa najipongeza kimoyomoyo mwalimu wangu aliposimama mlangoni.

"Nani amekutuma?"

"Lilikuwa shaghalabaghala, mwanangu."

"Hiyo shaghalabaghala ndiyo ushahidi, mzee. Aliyeweka picha juu ya karatasi alikuwa na sababu yake, na wewe umeitupa. Haya, irudishe."

Unajua inarudishwaje? Kwa kutu. Pini na vibanio vya zamani huacha alama kwenye karatasi, na kila alama ina umbo lake. Nilikaa siku nne na kioo cha kukuzia, naoanisha kutu kwa kutu, kama mtu anayetafuta pea za soksi. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho kazi ilinifanya nisahau chakula cha mchana.

Siku ya tatu, picha ya mwanamume aliyesimama kando ya daraja ikalingana na karatasi mbili zilizopigwa chapa. Picha hiyo nilikuwa nimeishika mara mbili bila kuitazama. Safari hii nikaitazama. Ni Baba Mkubwa, Dada. Ni baba yako, na lile sikio lake lililokatika ncha.

Maelezo yenyewe hayana jina; mwishoni pameandikwa "Dereva" tu. Anasema alikabidhiwa lori la jeshi lenye makombora ayapeleke ng'ambo ya mto. Alijua ng'ambo kuna soko. Alipofika katikati ya daraja akazima injini, akashuka, akaenda zake kwa miguu. Lori liliziba njia siku mbili, kwa sababu ufunguo aliondoka nao.

Sehemu hii nainakili neno kwa neno: "Nyumbani nimesema nimefukuzwa kwa ulevi. Waache waamini hivyo. Akija mtu kuwauliza, watasema wanachokijua, na hawatakuwa wamedanganya."

Najua uongo huo ulimwangukia nani. Uchumba wako wa kwanza ulivunjwa na watu waliosema hawaoi kwa mlevi. Mazikoni kwake tulikuwa saba, na mimi nilichelewa. Kwa hiyo sikuombi ufurahi. Ukitaka kumkasirikia upya, una haki.

Ila kwanza tuwe na hakika. Mhifadhi hakubali. Aliniuliza, "Una sikio moja na kumbukumbu ya utotoni. Gazetini ungeichapisha?" Nisingeichapisha.

Sasa nisikilize. Unaukumbuka ufunguo uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wake? Tuliambiwa ni wa ghala, na ghala lenyewe hatukuliona hata siku moja. Ulikula kofi kwa kuugusa. Aliyekutuma uuguse ni mimi, na nilinyamaza kimya, nakiri leo. Haya maelezo yanataja namba iliyogongwa kwenye ufunguo wa lori. Sikuandikii ni ipi, nisije nikakulisha maneno. Kama bado umo kwenye lile sanduku lake la bati ulilosema utalitupa, utafute, usome namba yake. Kama ulikwisha kulitupa, niambie hivyo tu, sitakulaumu.

Namba zikilingana, uamuzi ni wako, kwa kuwa ndiwe mwanawe wa pekee aliye hai. Ukikubali, lebo itaandikwa jina lake. Ukikataa, itabaki "Dereva, jina halijulikani", na mimi sitaligusa tena. Usimwulize mtu maoni kabla ya kusoma hiyo namba, hata Shemeji.

Msalimie sana, na umwambie redio yake imepona. Fundi alikuta mende wawili tu ndani. Wapwa zangu wote nawasalimu, hasa yule mdadisi anayeuliza "kwa nini" mpaka watu wanaondoka mezani. Huyo mtunzeni, ana kazi huku. Mungu alitie nguvu goti lako, na siku utakapoinama kufungua sanduku hilo, akusimamie.

Nitapiga simu Jumatano tarehe 12, saa kumi alasiri. Miwani iwe usoni, na ufunguo, kama upo, uwe mkononi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliyekuponza kwa kofi lile,

Kinasa