Jiko la Mtu Aliyekaa

Jumamosi. Upepo wa Julai umevuma tangu alfajiri, vumbi la hapa Msalato limeingia hadi kwenye sukari. Moyo nao hautulii.

Leo nimemaliza kujenga jiko la kuchomea nyama nyuma ya nyumba. Kwa mikono yangu. Jirani alichungulia uani akaniuliza kama mafundi wote wamehama Dodoma. Nikamjibu wapo, ila hawampendi mume wangu.

Baba Neema alipata kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia umelegea, mguu anauburuza. Zamani Jumapili zilikuwa zake: anageuza mbavu za mbuzi kwenye nusu pipa na hataki mtu aguse koleo. Siku hizi anashinda sebuleni na runinga. Ukimuuliza atakula nini, anasema chochote. Neno hilo linanitesa kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi nikanunua matofali ya kuchoma, nikayapanga kwa udongo maana saruji hupasuka kwa moto. Kimo nilikipima kwenye kiti chake, yeye akiwa amelala. Nikajiona mjanja.

Alasiri nikamtoa nje aone. Akaegemea mkongojo, akaliangalia weee.

"Mama Neema, hili ni la mtu aliyekaa."

Akarudi ndani.

Nimelia huku nikitoa udongo kwenye kucha. Hasira pia ninayo, sifichi. Mgongo unaniuma na asante sijaisikia. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilipima kiti, mwenye kiti sikumuuliza.

Kabla jua halijazama nikasikia kishindo uani. Nikatoka mbio nikijua ameanguka. Hakuanguka. Ameondoa wavu wa kuchomea, na kwa mkono wa kushoto anapandisha matofali yaliyobaki, moja juu ya jingine, yote yamekwenda upande. Anataka jiko limfike kiunoni. Mguu unamtetemeka. Daktari amemkataza kusimama muda mrefu, na mimi ndiye niliyeapa kulisimamia hilo.

Nilitaka kumgombeza.

Badala yake nikaenda kumchanganyia udongo.

Sasa naandika nikiogopa. Jiko likikauka atataka kuwasha moto, tena amesimama. Siku hiyo nitajibanza nyuma yake nimdake, au nitakaa mezani nisubiri nyama kama mke wake?