Senene wenye Miguu

Ngara, Jumapili

Shikamoo Dada Veronika,

Mvua zimekolea na senene wamejaa. Daktari wa kambi ya wakimbizi ninayemsaidia huwapa senene dawa mpya ya malale, kisha hupima kama imefika ubongoni mwao, kwani malale hushambulia ubongo, kabla ya kuijaribu kwa watu. Mama Feliksi, mwenye nyumba wangu, mumewe anaugua malale. Daktari alimwomba senene, na jana alituletea kikapu kizima, wote amewanyonyoa mabawa na miguu!

"Mama, nilitaka walio hai, wenye miguu," daktari akasema.

"Nani humpelekea mgeni senene wenye miguu?"

Tuliwakaanga, tukala sote watatu. Leo asubuhi nimemkuta Mama Feliksi bondeni, amelowa hadi magotini, akiwakamata mmoja mmoja kwa vidole viwili, asije akawavunja miguu.

Mwombeeni mumewe. Nawakumbuka nyote.

Mdogo wako,
Deo