Pikapu Iliyotolewa Ubongo

Chala, 12 Mei 2024

Mwanangu Kalista,

Za Mbeya na baridi yenu? Sisi wazima, magoti yangu tu ndiyo yananung'unika. Barua hii nampa konda wa basi, maana habari ya gari haienei kwenye meseji, na wewe ndiye fundi wa ukoo.

Pikapu imenichosha. Sensa moja, kidude cha kupima injini, ikiingia vumbi gari linazima, mpaka livutwe hadi mjini likapimwe na kompyuta. Fundi Urbano wa Sumbawanga anasema atatoa kontroli boksi, ule ubongo wa gari, sensa zote na masega ya ekzosi, afunge kabureta ya zamani ya kuchanganya mafuta na hewa. Unaonaje? Mama yako mdogo Lucia kasema likizima tena njia ya Kipili na mahindi ya watu, analiuza, mimi nibaki nyumbani nikilinda kuku. Kuku siwawezi, mwanangu.

Baba yako mdogo,
Baltazari

Mbeya, 20 Mei 2024

Shikamoo baba mdogo,

Pole na magoti. Mimi sijambo, mafua yamepita.

Nakuomba usikubali. Vitu hivyo havikuwekwa kwa urembo. Masega yanapunguza sumu ya moshi, na abiria wanaokaa nyuma juu ya magunia ndio watakaouvuta. Badilisha sensa iliyokufa na nyaya zilizooza, basi. Natafuta sensa nzima hapa gereji. Nisubiri.

Mwanao,
Kalista

Kipili, 3 Julai 2024

Mwanangu Kalista,

Salamu kutoka ziwani. Huku joto, na afya ipo ila moyo umeshuka.

Barua yako ilifika salama, lakini Urbano alifika kabla yake. Alifanya kazi uani kwangu, akaiseti kabureta pale pale Chala mpaka injini ikatulia kabisa. Ilitoka ndoo nzima ya nyaya na makopo. Nikifungua boneti sasa naona kila kitu, na nilifurahi sana.

Tukapakia mahindi, Lucia akakaa mbele. Kumaliza mteremko wa kushukia ziwani, gari likaanza kumisi, moto ukikatakata, likapiga mlio kwenye kabureta, likachemka. Kipili tumeingia tukisukumwa na wavuvi. Mama yako mdogo hakungoja turudi nyumbani. Amekwishampigia mnunuzi. Nisaidie, hili gari nalipenda.

Baba yako mdogo,
Baltazari

Mbeya, 8 Julai 2024

Shikamoo baba mdogo,

Poleni na safari. Nimecheka kidogo, nisamehe.

Mmeiseti kabureta Chala, juu, hewa ikiwa nyepesi, kwa hiyo Urbano akabana mafuta. Ziwani hewa ni nzito, mafuta yakawa hayatoshi. Ule ubongo mlioutoa ndio uliokuwa ukirekebisha kila mkiteremka, bila kuwasumbua. Sasa mtarekebisha wenyewe. Konda ana kipande cha shaba cha kupitishia mafuta kwenye kabureta, chenye tundu kubwa kidogo, Urbano akifunge mahali pa kile cha zamani. Mkiwa mnateremka, simameni mfungue skrubu ya mafuta kidogo kidogo mpaka injini itulie. Mkirudi juu, ibaneni tena. Ni kazi ya masikio.

Mwanao,
Kalista

Chala, 15 Septemba 2024

Mwanangu Kalista,

Hujambo? Sisi hatujambo kabisa, hata magoti yamenyamaza.

Kipande kilifungwa. Nilimwomba Lucia safari moja tu kabla mnunuzi hajaja. Katikati ya mteremko nikasimama, nikazungusha skrubu, nikasikiliza. Masikio yangu unayajua, yameliwa na injini miaka mingi. Nikasema iko sawa.

Lucia akasema, "Haiko sawa. Kaa ndani, nipe hiyo bisibisi."

Akazungusha, akainamisha kichwa, akarudisha kidogo. Tukaingia Kipili wenyewe. Wale wavuvi walitoka kuja kutusukuma, wakakuta hakuna kazi. Tangu hapo hataki niende peke yangu, eti nitaliua.

Mnunuzi alikuja Jumamosi. Mimi nilijificha jikoni. Nikamsikia mke wangu akimwambia gari haliuzwi, ana kazi nalo, na kama ana mzigo wa kwenda Kirando, jirani na Kipili, aulete apakie. Akapakia.

Kuhusu moshi nimekusikia, juu ya magunia hapandi mtu tena. Abiria wote sasa wanakaa mbele, yaani Lucia peke yake.

Kila tukifika mteremkoni namtazama ameinama kwenye injini, kitenge amekifunga kiunoni, mimi nimekaa tu. Nafurahi kuliko siku tuliyofunga ndoa. Usimwambie.

Baba yako mdogo,
Baltazari