June Si Mwezi

Jumapili, 1 Juni
Nimemaliza kushona kola za majoho ya kwaya asubuhi, halafu kwa miguu kutoka Laini Saba hadi kanisani Kabiro. Pasta alikuwa ametazama video. Ati miezi ina majina ya miungu. Januari, mungu wa milango. Machi, wa vita. Juni, Juno, mungu wa kike wa Warumi. Tangu leo tuseme mwezi wa kwanza, wa pili, hivyo hivyo. Kisha akaniangalia. June ni mimi. Jumapili ijayo alikuwa aniombee mbele ya kanisa, nianze kuongoza kwaya.

Jumatatu, 2 mwezi wa sita
Pasta anataka nibadilishe jina. Amenichagulia Dorkasi, yule mshonaji wa Biblia, kwa sababu mimi ni fundi wa nguo. Nikikataa, hakuna uongozi. Nimekasirika sana.

Jumatano, 4
Kwaya nzima inaniita Dada Mwezi wa Sita. Leo hata mteja: "Fundi Mwezi wa Sita yuko?" Wakati wa kumpima nimemdunga pini. Kidogo tu. Sijutii.

Alhamisi, 5 Juni
Nimesoma kwa simu mpaka chaji ikaisha. Septemba maana yake saba, na ni mwezi wa tisa! Warumi walikuwa wakianza kuhesabu na Machi. Agosti ni Kaisari Augusto, yule yule wa Injili ya Luka. Nimempelekea Pasta yote. "Dada, umesoma sana," akasema, akafunga mlango. Mungu wa milango amemsaidia.

Ijumaa, 6
Nimempigia Mama, Kakamega. Nimemlaumu. Kwa nini unipe jina la mwezi?
"Mwezi gani? Wewe ulizaliwa Oktoba. June ni nesi aliyenizalisha. Alikuwa akiimba tenzi wodi nzima. Karani wa kitambulisho ndiye alisikia June, akaandika umezaliwa Juni."
Nimekaa chini. Tangu nipate kitambulisho nakata keki mwezi usio wangu.

Jumapili, 8 Juni
Mama alimpigia Pasta kabla ya ibada. Nilimwona ameshika simu mbali na sikio, anasema, "Ndiyo, Mama. Ndiyo, Mama." Aliponiombea alisema June mara tatu, kwa nguvu. Waimbaji wa sauti ya pili wakacheka. Niliimba vizuri, najua.

Sasa niko nyumbani, chai inapoa. Oktoba ina siku thelathini na moja. Mama hakumbuki ni ipi, ila mvua ilikuwa inanyesha. Nimechagua tarehe ishirini. Nimeiandika kwa penseli.