Gurudumu la Udongo Mweusi

Jumapili, 30 Machi 2025

Leo gurudumu limeombewa. Kweli kabisa! Pasta alituita mbele, mimi kwenye kiti changu, Musila nyuma yangu na ile tai ya harusi yetu. Akauliza tunataka kuombewa nini. Mume wangu akasema Jumatano anaenda Nairobi kwa wale wanaosaidia wavumbuzi bure, kuulizia patenti, mtu asije akalichukua gurudumu letu akaliita lake.

Hapo angenyamaza. Lakini kanisani kwetu ombi la juujuu halipendwi. Ukiombewa ugonjwa unautaja, ukiombewa kazi unataja kazi gani. Basi Musila akashika maikrofoni akaeleza yote. Vile gurudumu lina vidole vya raba viwiliviwili kulizunguka. Vile vinaachana likikanyaga na kubanana likiinuka, hadi udongo unadondoka wenyewe. Akainamisha kiti upande mmoja kanisa zima lione. Nilishika sketi kwa mikono miwili.

Amina ilikuwa kubwa. Simu zote juu, zinarekodi. Kyule, fundi mwenzake wa kuchomelea, alikaa macho wazi maombi yote. Nilimwona kwa sababu na mimi sikuwa nimefumba. Ha!

Nimefurahi tu. Tangu ajali ya bodaboda, kila mvua ilikuwa jela. Udongo huu mweusi wa Kitengela ukilowa unashika gurudumu kama ugali kwenye mwiko. Mwezi huu nimeenda kanisani, posho mill kusaga, na kwa jirani yangu Seleyian bila kusukumwa na mtu.

Jumatano, 2 Aprili

Musila amerudi. Anasema ni ghorofani, vijana wengi na kompyuta zao, kila mmoja amevumbua kitu. Aliyemhudumia anaitwa Emmanuel Katoo, kijana wa huku kwetu Kajiado. Walikaa pamoja wakitafuta kwenye patenti za dunia nzima. Magurudumu ya Wachina, ya Wajerumani, ya matrekta, hata ya kutembea mwezini. Lenye vidole kama letu hawakuliona. Musila alipokuwa akinisimulia hapo, alipakua chakula mara ya pili.

Kisha Katoo akauliza ni nani wameliona. Musila akasema kanisa. Katoo akashika kichwa.

Nimeelewa hivi: kitu kikitafutiwa patenti lazima kiwe kipya, hakijaanikwa kwa watu. Sheria ina huruma kidogo — ulichoonyesha mwenyewe unasamehewa ukiwahi kupeleka maombi ndani ya mwaka. Lakini mwingine akiiga akatangulia, utamkimbiza na kesi hadi uzeeke. Katoo atatuandikia maelezo na kutuchorea michoro bila malipo. Ila tusionyeshe mtu tena.

Hayo ya mwisho Musila aliyasema akifungua kamba za viatu. Hakuniangalia.

"Phylis, kwa sasa ukae ndani kidogo."

Kidogo! Nikacheka. Nikasema sawa.

Jumapili, 6 Aprili

Sikuenda ibada. Musila alienda peke yake akasema niko na homa. Kudanganya katika nyumba ya Mungu, kwa ajili ya kitu kilichoombewa humohumo.

Mama mmoja wa kwaya amenitumia video ya siku ile. Mimi huyo, nimeinamishwa kama ndoo. Nikamwomba aifute. Akasema ameshamtumia binamu yake wa Kware, Rongai, na huyo naye akawatumia wa Gataka. Basi.

Kiti changu cha zamani hakipo. Vyuma vyake ndivyo vilivyotengenezewa hiki. Musila ameshona magunia ya kufunika magurudumu, nikitaka kufika choo cha nje.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Seleyian aliingia na maziwa, viatu ameacha mlangoni. "Takwenya," akanisalimia Kimaasai. "Iko," nikaitikia. Akakaa, akanitazama sana. Akauliza ni nani amenifunga. Nikasema hakuna. Akasema hata ndama wake wa juzi hutolewa nje jua likiwaka. Nilibadilisha habari, nikamuuliza juu ya bei ya nyasi.

Sikuweza kumwambia. Jirani wa miaka yote hii! Anadhani tumegombana, na amemsalimia Musila kwa ukali.

Kyule alikuja langoni jioni. Aliuliza raba ile ni unene gani. Musila akampa chai, jibu hakumpa. Nilikuwa nachungulia pazia. Mtu aliyekula kwangu Krismasi mbili — nimeanza kumchukia hata vile anavyosimama.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kristo amefufuka. Mimi niko ndani.

Musila alipika pilau, ikashika chini, tukala hivyohivyo. Nilijikaza hadi niliposikia watu wakitoka kanisani wakiimba barabarani. Nikalia. Nikamwambia wazi, "Kiti ulinitengenezea nitoke. Sasa ndicho kinanifungia."

Alienda nyuma ya nyumba, akayaosha magurudumu ambayo hayajaenda popote. Nilimsikia akiyasugua muda mrefu. Nampenda huyu mtu na leo nimemuumiza. Lakini nilichosema ni kweli, sikifuti.

Jumanne, 22 Aprili

Katoo alipiga simu, Musila akaweka sauti juu ili nisikie. Kila kitu kiko tayari, imebaki kitu kimoja. Aandike mvumbuzi ni nani?

Musila akasogeza simu karibu na mdomo.

"Andika Phylis Kalunde. Mimi nilichomelea tu. Yeye ndiye aliangalia ng'ombe."

Mimi! Ni kweli, lakini nilikuwa nimesahau kwamba ni kitu cha kuhesabiwa. Mvua za mwaka jana nilikwama matopeni kwenye ua wa Seleyian. Ng'ombe wake wakanipita kwa raha zao, palepale nilipokwama. Nikawa sina kazi ila kutazama kwato. Ukwato ukikanyaga unaachana, ukitoka unabanana, tope linaanguka. Nilimwambia Musila tukila, kama mzaha wa kulipa aibu yangu. Aliacha kutafuna. Usiku ule hakulala.

Katoo akacheka kwa furaha. Akasema basi yatakuwa majina mawili, langu la kwanza, na Ijumaa niende mwenyewe nitie sahihi. Na kwamba tangu sasa hakuna wa kuonyesha wala kuruhusu chochote bila mwenzake. Musila akaniambia simu ilipokatika kwamba yeye neno lake ni lile nitakalosema mimi.

Nimeosha nywele. Sketi ya kitenge iko tayari kwenye kiti cha plastiki.

Ijumaa, 25 Aprili

Niko kando ya lami, chini ya paa la duka la dawa za mifugo. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Mwenye teksi akapiga simu, hawezi kuingia kwetu, tumngojee hapa barabara kubwa. Musila akafunga magunia sawasawa, kamba juu ya kamba. Tulifika kona ya kwanza. Magunia yakameza tope, magurudumu yakawa kama mizinga ya nyuki. Hakuna kwenda mbele, hakuna kurudi. Akapiga magoti kwenye maji akanipa mgongo. Nikaudandia. Hatua chache akateleza, nusura twende wote chini. Akanirudisha kwenye kiti, anahema, suruali yake ya Nairobi imeisha.

Watu walikuwa milangoni wanaangalia.

Akatoa kisu cha kazi akakata kamba zote. Akayavuta magunia akayatupa mtaroni.

"Sikukutengenezea ukae ndani," akasema.

Nikaenda! Kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya kila mtu, tope likidondoka nyuma yangu vipande vipande. Mama mboga alinipigia vigelegele. Simu zilitoka tena, na sikujali. Seleyian alikuwa langoni kwake, mkono mdomoni, sasa ameelewa.

Tulipopita karakana ya Kyule, alitoka akatufuata. Musila akakaza mwendo, na mimi nikakaza. Alikuja hadi hapa lamini, akavua kofia. Hakuzungumza na Musila, alizungumza na mimi.

"Dada, mama yangu niko naye hapa tangu Januari. Nilimtoa kule Mwingi, hawezi kutembea. Tangu mvua ianze anaona jua kwa dirisha tu."

Amejaribu kutengeneza gurudumu kama letu kutoka ile video. Mara nne limevunjika pale raba mbili zinapokutana. Alikuwa anaona haya kuuliza zaidi ya ule unene wa raba, anajua tunatafuta patenti, hakutaka tumdhanie mwizi. Na mimi nilimdhania! Wiki hizi zote, nyuma ya pazia langu, na mama yake naye yuko nyuma ya lake.

Anaomba kuangalia hapo ndani mara moja tu. Hatauza, anasema. Ni moja la mama.

Sahihi ni leo mchana. Bado hatujatia. Namsikia Katoo kichwani mwangu, msionyeshe mtu. Na sijui, labda haya ni maneno matamu ya fundi. Mama yake sijawahi kumuona.

Teksi imefika, inapiga honi. Musila ananiangalia mimi, anangoja. Kyule amechuchumaa mbele ya gurudumu, mikono ameweka nyuma, hajagusa.

Nimevuta sketi kando, aone ndani ya gurudumu.